Tulipeleka watoto Lwiro kuona sokomutu (na makako wa matako ya bluu)

Vakansi kubwa ikifika hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kila mzazi ana swali moja tu, hawa batoto tutawapeleka wapi? Mji ni mzuri, hakuna anayebisha, lakini mzuri kwa macho ya mtu mkubwa. Mtoto anataka kukimbia na hapa ukikimbia unakutana na motari au unateremka bonde. Ziwa tunalo lakini sehemu kubwa ya pembeni ya maji ni ya wenye parseli zao, wewe unaliangalia kwa mbali. Zinabaki hoteli zenye pisini, ambapo unalipa pesa ambayo ingenunua sambaza (samaki wadogo wa ziwa) ya wiki nzima na mtoto anarudi na macho mekundu akilia kwamba hakupata fanta ya pili.

Kwa hiyo mimi nasema Lwiro, mahali wanapolea sokomutu (sokwe) na makako (kima na wenzake). Na kila nikisema Lwiro watu wananiangalia vibaya. Kuna jirani mmoja, mtu aliyesoma kabisa, aliniuliza "kule raia wa kawaida banaingia?" Eti alidhani ni ya bazungu na ya wanafunzi wa staji. Ndiyo shida yetu hii. Kitu kiko kilometa 40 na kitu kutoka kwenye kitanda chako, wanyama ni wa msitu wako, walinzi ni watoto wa Kabare, halafu anayekijua ni mtu wa Madrid. Watoto wetu wanachora simba na twiga vizuri sana sababu ya katuni, lakini muulize makako mwenye mstari mweupe puani anaishi wapi, atakuambia Marekani.

Naandika habari za kiangazi cha 2023, niseme hivyo mapema, barabara ya wakati ule si barabara ya leo, kwa hiyo anayetaka kwenda sasa aulize kwanza hali ikoje kisha ndio apange.

Tulichukua gari na shofere wake maana bisi ukiwa na watoto na mama mkwe ni adhabu. Mama mkwe hakuwa kwenye programu. Alisikia asubuhi tunaenda kuangalia makako akasema "mulipe franka kwenda kuangalia makako?" akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaenda kuvaa kikwembe chake kizuri na akawa wa kwanza ndani ya gari, kiti cha mbele. Yeye ni mtu wa Kalehe, alikulia pembeni ya msitu, makako kwake ni muizi wa mahindi na hadithi imeisha.

Njia ni ile mnayoijua, Mudaka na soko lake, halafu Miti pale barabara inapogawanyika, ukikata kushoto unapanda Tshivanga kwenye ngagi (sokwe wakubwa, gorila) wa parki ya Kahuzi-Biega, ukiendelea mbele ni Kavumu na uwanja wa ndege, ndio baadaye unaacha barabara kubwa na kuingia ya Lwiro. Wakati wa kiangazi vumbi ni lile jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Mtoto wangu wa kati alitapika Miti, kama kawaida yake, tukasonga mbele.

Halafu unafika Lwiro na unashangaa. Umetoka kwenye vumbi na migomba, ghafla ni majani yaliyokatwa, miti mikubwa na majengo ya mawe na matofali, marefu, yenye uwanja katikati. "Ni shato?" aliuliza wa kwanza. Si shato, si nyumba ya mfalme, ni kituo cha utafiti ambacho Wabelgiji walianzisha mwaka 1947, wakati ule kiliitwa IRSAC, leo ni CRSN. Walijenga kama watu wenye nia ya kukaa miaka 300. Mama mkwe aliangalia ile yote akasema "na walituambia hakuna pesa ya barabara". Hapo sikuwa na la kuongeza.

Mahali pa wanyama penyewe ni padogo, na kwa familia hilo ndilo zuri. Hutembei kilometa, hubebi mtoto mgongoni ukipanda mlima. Ni CRPL, kituo cha kuwalea makako na sokomutu waliokamatwa, kilianzishwa mwaka 2002 na ICCN, taasisi ya serikali ya kulinda wanyama na parki, pamoja na CRSN hiyohiyo. Niseme mapema, si zoo. Hakuna mnyama aliyeletwa kutoka mbali ili tumshangae. Wote waliomo walitolewa mikononi mwa mtu, kwenye kamba, kwenye kartoni, sokoni, barazani kwa mkubwa fulani. Sokomutu peke yao ni zaidi ya 100 na makako nao ni wengi, wa aina nyingi. Mahali padogo hivyo na roho nyingi hivyo.

Gidi wetu, yaani mwenye kutembeza wageni, alikuwa kijana wa hapohapo, mpole, na alijua kusema na watoto. Aliwakalisha kwanza akawapa sheria. Msirushe kitu. Msiwaonyeshe chakula. Msipige kelele. Msiwaigize, maana kuna wengine hawapendi na watawarushia kitu nyinyi (hapo watoto walifurahi, walitaka kurushiwa). Halafu akauliza nani ana mafua. Kimya. Akauliza tena, mtoto wangu wa mwisho akamwonyesha kidole kaka yake. Mafua ya mtu yanaweza kumuua sokomutu, yeye na sisi tuko karibu sana kwa damu, kirusi kinachokufanya wewe upige chafya siku mbili kinaweza kumpeleka yeye kaburini. Tukapewa masiki wote. Mama mkwe akauliza "Covid imerudi?" Gidi akamwambia hapana mama, leo ni sisi ndio ugonjwa. Alinyamaza, akavaa masiki, na kwa mtu anayemjua mama mkwe wangu hicho ni kitu kikubwa.

Tulianza na makako. Nilidhani watoto watataka kukimbilia sokomutu lakini hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko pote. Maana sisi tunasema makako basi, kama vile ni mmoja. Kumbe! Kuna wa L'Hoest, mwenye ndevu nyeupe zilizozunguka shavu, anakaa amenyooka na uso wa hakimu. Kuna mwenye mkia mwekundu na doa jeupe puani la umbo la moyo. Kuna mbega mweusi mwenye manyoya meupe ya mabega, huyu gidi aliwaambia watoto wamwangalie mikono, hana dole gumba la kuonekana, na tumbo lake limetengenezwa kwa ajili ya majani, anakula majani siku nzima na halafu anakaa tu, anasubiri yaive tumboni. "Sawa na papa siku ya dimanche" alisema mtoto wangu mkubwa. Baba yake hakuwepo kujitetea.

Na kuna huyo wa Hamlyn. Huyu ndiye mwenye mstari mweupe unaoteremka katikati ya uso kutoka kwenye macho mpaka mdomoni, ukimwangalia unaona sura ya bundi, kimya, macho makubwa, unahisi anajua mambo yako. Anaishi kwenye misitu yetu ya mashariki, kwenye mianzi huko juu. Watoto walimheshimu sana kwa muda wa dakika moja hivi, mpaka dume moja likageuka. Nyie. Madume ya aina hii nyuma na vile vitu vyao vingine ni bluu. Bluu ya kweli, ya kalamu ya Bic. Wale watoto walianguka chini. Sheria ya kutopiga kelele iliishia pale. Mdogo aliuliza kwa sauti nani alimpaka rangi, gidi akajaribu kueleza kwamba ndivyo dume anavyoonyesha wenzake kwamba amekomaa, mama mkwe akageukia upande wa ziwa akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, mabega yakitikisika. Mpaka leo nyumbani kwetu mtu akivaa suruali ya bluu kuna mtoto atacheka.

Walikuwepo pia nyani wale wakubwa wa shambani na hapo mama mkwe alipata nguvu. "Huyu minamujua!" Akamweleza gidi jinsi wanavyotuma mmoja akae juu ya mti kulinda, wengine wanaingia shambani, na mwanamke akiwafukuza hawakimbii, wanakimbia mwanaume tu. Gidi akakubali yote, akasema hata kwao Kabare mama yake anasema hivyohivyo. Nilipenda sana maongezi yale kwa sababu kijana hakujifanya mwalimu. Maana ni rahisi kumwambia mtu wa mjini apende wanyama, lakini mtu aliyelala njaa kwa sababu shamba lake limeliwa usiku mmoja unamwambia nini? Na kuna wengine walioumia zaidi, Batwa, watu wa asili wa msitu, waliotolewa kwenye msitu wa Kahuzi-Biega baada ya parki kuanzishwa mwaka 1970, msitu ulikuwa nyumba yao na mpaka leo wengi wao hawana ardhi. Mimi parki ninaiunga mkono, ila sipendi ile hadithi inayosimuliwa kama vile palikuwa patupu.

Haya sokomutu.

Wako nyuma ya waya wa umeme, kuna sehemu yenye miti na majani wanayozunguka, na kuna nyumba za kulala. Unawasikia kabla ya kuwaona. Mmoja anaanza huu, huu, huu, taratibu, mwingine anapokea, halafu inapanda mpaka wote wanapiga kelele na kupiga ukuta na wewe mtu mzima unashika mkono wa mtoto wako na huyo mtoto ndiye anayekutuliza. Halafu inakwisha kwa ghafla na kila mmoja anarudi kwenye kazi zake. Mmoja alikuwa amelala chali anaangalia mguu wake. Wawili walikuwa wanatafutana chawa kwa umakini wa saluni ya Nyawera. Mwingine alichukua kijiti, akakitoa majani, akakiingiza kwenye tundu na kukilamba, na mkubwa wangu akaniambia polepole "mama, anatengeneza chombo". Ndiyo, anatengeneza. Huko msituni wanafanya vilevile kutoa mchwa na asali, na kila jioni kila mmoja anajitandikia kitanda chake cha matawi juu ya mti. Watoto wangu hawatandiki kitanda cha godoro, nikaona niitumie nafasi hiyo, haikusaidia.

Hakuna mkia, gidi aliwaonyesha, makako ana mkia na sokomutu hana. Kitu kidogo lakini hawajasahau.

Mama mkwe aliuliza mbona hamna watoto wachanga wengi na wanawake wako wengi hivi. Gidi akaeleza kwamba majike wanawekewa dawa ya kuzuia mimba, kwa sababu nafasi ni ndogo na kila mwaka wanaletwa yatima wapya, ukiwaacha wazae hutakuwa na mahali pa kuwaweka wanaokuja, na sokomutu anaishi miaka 50 au zaidi, si kuku. Mama mkwe akamkata, "Ati nini? Hata sokomutu iko kwa nesansi dezirabu (uzazi wa mpango)?" Alicheka, alipiga mikono, alimwita shofere aje asikie. Njia nzima ya kurudi alikuwa anaongea hiyo tu. Nadhani ndiyo habari aliyopeleka Kalehe.

Lakini swali lenyewe lilitoka kwa mtoto wangu mdogo, na ndilo lililofanya niandike. Aliuliza mama yake yuko wapi. Alikuwa anaangalia sokomutu mdogo aliyebebwa na mama mmoja wa kazi, amevaa kaputi ya kijani, mtoto amemshika shingo vile mtoto yeyote anavyoshika. Gidi aliniangalia kwanza mimi kama anaomba ruhusa. Nikamwambia sema. Akasema sokomutu hampi mtu mtoto wake. Anamnyonyesha miaka minne au mitano, anambeba, na mtu akitaka kumchukua yule mdogo lazima amuue mama na wengine wote watakaokuja kumtetea. Kwa hiyo kila mdogo unayemuona hapa, nyuma yake kuna wakubwa waliokufa. Nyama imeuzwa, mtoto amewekwa kwenye kamba.

Watoto walinyamaza na mimi nilianza kukumbuka. Nani wa umri wangu hapa Bukavu hakuona makako kwenye kamba? Pale kwenye parseli ya ofisa fulani, pale kwenye kantini, kafungwa kiunoni, watu wanampa karanga, wengine wanampa biya ili wacheke akilewa. Tulipenda kwenda kumuona. Hakuna aliyetuambia kitu, na sidhani kama waliokuwa wakubwa wakati ule walijiuliza. Ilikuwa miaka ile, vita, kila kitu kilikuwa kinauzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ngagi wa sehemu ya juu ya Kahuzi-Biega walipungua karibu nusu, tembo wa upande huo walikaribia kwisha, na mwaka 2000 koltani (madini ya simu) ilipopanda bei watu waliingia msituni kwa maelfu kuchimba na walikula nini huko? Walikula msitu. Parki ile UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, mwaka 1997 ikaiweka kwenye orodha ya zilizo hatarini, na mpaka tulipokwenda ilikuwa bado humo.

Leo sheria ipo, ile ya uhifadhi wa mazingira ya mwezi wa pili 2014, sokomutu na ngagi hawaguswi, hawawindwi wala hawafugwi nyumbani hata kama ulimnunua "kwa huruma". Neno hilo la huruma gidi alilitilia mkazo. Watu wema wanamuona mtoto wa sokomutu barabarani, wanatoa dola wamuokoe, na muuzaji anarudi msituni kutafuta mwingine kwa sababu biashara imejibu. Ukimuona, usinunue, ita ICCN. Mkubwa wangu aliandika hiyo kwenye simu yangu. Hata kasuku, wale wa kijivu wenye mkia mwekundu tunaowaona kwenye vizimba vya kuku kule sokoni, tangu 2017 biashara yao ya kimataifa imefungwa kwa wale wanaotolewa porini.

Baada ya hapo tulikula. Mtu anayeenda na watoto abebe chakula chake, mimi nilibeba bugali baridi, sombe, sambaza za kukaanga, avoka na ndizi, na tukala mbali na wanyama, chini ya mti, nje kabisa, msije mkafungua ndizi mbele ya wale watu, si vizuri. Wakati tunakula tuliona akina mama wanaingia na vikapu, viazi vitamu, mahindi, maboga, ndizi. Chakula kingi cha wale wanyama kinanunuliwa kwa wakulima wa vijiji vya karibu. Mama mkwe aliangalia vile vikapu muda mrefu sana. Halafu akauliza bei ya mahindi. Akasema kumbe makako wa hapa ananunua.

Kuna pia makumbusho kwenye yale majengo makubwa, nyoka kwenye chupa, ndege waliokaushwa, vitu vya zamani, na maktaba yenye mbao mpaka juu ambayo mimi ningebaki humo mpaka jioni. Watoto waliimaliza upesi, walikuwa wamechoka, mmoja aliogopa nyoka wa chupa kuliko alivyoogopa sokomutu mzima. Wanapima pia matetemeko ya ardhi pale Lwiro, na sisi tuliokuwepo Bukavu mwezi wa pili 2008 hatuhitaji kuelezwa kwa nini.

Kwa anayetaka kwenda, wakati barabara inaruhusu: toka asubuhi mapema, wanyama wanachangamka kabla ya jua kali na mchana wengi wamelala. Piga simu kwanza, usifike tu. Viatu vilivyofunikwa, sweta hata kiangazi, Lwiro iko juu na jioni baridi inashuka ghafla. Watoto wadogo sana wanaweza kuogopa zile kelele, wangu wa miaka mitano aliweza, wa jirani wa miaka mitatu nasikia alilia mpaka Kavumu. Pesa ya kiingilio inaenda kwenye chakula na dawa kwa hiyo usianze kubembeleza bei kama uko soko la Kadutu. Gidi mpatie kitu chake mkononi, anastahili. Foto piga bila flashi, na tafadhali usimwombe akuruhusu kumshika mtoto wa sokomutu ili upige foto ya WhatsApp, waliokuja siku ile nyuma yetu waliomba hivyo mbele ya watoto wangu na mdogo ndiye aliyewajibu, mimi niliona haya kwa niaba yao lakini sikumkataza. Na mwenye kikohozi abaki nyumbani, hata akilia.